Beji ya Malkia wa Chumvi

Kila alasiri, walipofunguliwa chuo cha Kurani, Yasmini binti Athumani alirudi nyumbani kwa kupita nyuma ya banda la video. Njia ya mbele ilikuwa fupi na kavu, ila ukuta wa nyuma ulikuwa wa mabati chakavu yenye matundu ya misumari, na sauti ya mfasiri wa picha ilisikika nje neno kwa neno. Mama yake alikuwa amemkataza kuingia humo, naye hakuingia hata mara moja. Alisimama tu, juzuu yake kwapani, akisikiliza panga zikigongana na wachimbaji wakicheka, kisha akaenda zake.

Miaka ile watu walikuwa wakimiminika kijijini Matongo kutoka kila upande kufuata dhahabu. Mashamba ya mihogo yaligeuka mashimo, na mazizi ya ng'ombe yakapakana na mashine za kusagia mawe. Mzee Athumani, baba yake Yasmini, hakuchimba. Yeye na mkewe, Mwanamvua, waliuza vitenge na kanga. Baba alizunguka nazo Mugumu na vijiji vya Ikoma, na mama akauza gulioni. Kwa hiyo Yasmini akitoka chuoni alikuwa na kazi moja, nayo ni kumlea mdogo wake, Yassini, mtoto wa miaka miwili, mpaka mama arudi.

Ndani, nyuma ya mlango, palitundikwa kipande cha kanga kuukuu, na hapo ndipo Yasmini alipozichomeka beji zake. Zilikuwa beji ndogo za kuvaa kwenye ukosi wa shati, kila moja ikiwa na sura ya mtu wa kwenye picha za video: mpanda farasi asiye na kivuli, mpiganaji kipofu, mganga mwenye nyani begani. Hazikutoka kiwandani. Nyingine alizichonga mama mmoja wa Sirari, Akinyi, kwa pembe ya ng'ombe. Nyingine, zilizopendwa kuliko zote, zilikuwa za Fundi Muzamil wa Tarime mjini, ambaye alikata shaba ya mabomba mabovu, akaigonga hata ikawa nyembamba kama jani, kisha akaipaka rangi kwa brashi ya nywele chache. Kila Yasmini alipohifadhi sura mpya chuoni, mama yake alimnunulia moja. Na kwa kuwa hakuwahi kuzitazama picha zenyewe, beji hizo ndizo zilizomwonyesha yale ambayo masikio yake yalikuwa yameyasikia.

Siku alipopata beji ya Malkia wa Chumvi, yule wa kwenye picha ya video, Fundi Muzamil mwenyewe ndiye aliyemchomekea ukosini. Uso wa malkia ulikuwa umepakwa rangi, na joho lake pia, lakini taji liliachwa shaba tupu.

"Usilisugue," fundi alimwambia. "Shaba hubadilika kadiri inavyovaliwa. Leo nyekundu, kesho kahawia. Nimeliacha hivyo kwa makusudi."

"Lakini taji lake ni la dhahabu, fundi."

"Wewe umeliona?"

"Nimelisikia."

Fundi alicheka mpaka ubao wa beji aliouning'iniza shingoni ukatikisika kifuani pake. "Basi endelea kulisikia, binti yangu."

Haukupita muda, jasho na vumbi vikalifanya taji kuwa jeusi. Nikodemo, aliyekuwa akisoma naye darasa la sita shuleni, akaligundua kabla ya wengine.

"Malkia gani huyu?" aliwauliza wenzake kwa sauti ya kutosha. "Kichwani amejitwika sufuria ya makande. Huyu ni mpishi wa shule."

Wote wakacheka. Yasmini akaifunika beji kwa kiganja. "Niache, mura. Ya kwako iko wapi?"

Nikodemo hakuwa na beji hata moja, na neno hilo lilimchoma. Walipokuwa wakirudi nyumbani alimfuata, sasa akiongea taratibu. "Nikuambie kitu? Hilo taji linaweza kuwa dhahabu. Kaka yangu anayo zebaki."

"Zebaki inafanyaje?"

"Si umeona kule mtoni? Wanaikamua kwenye kitambaa, linabaki donge la kijivu. Linaingia motoni kijivu, linatoka njano. Umeona mwenyewe au hujaona?"

Yasmini alikuwa ameona. Kila mtoto wa Matongo alikuwa ameona. Lakini hakuna mtu mzima aliyewahi kuwaeleza kwamba dhahabu inakuwa tayari imo ndani ya lile donge, na kwamba kazi ya moto ni kuifukuza zebaki tu, ipae hewani. Wao waliona rangi ikigeuka, wakaamini kuwa moto ndio unaoigeuza.

Walibadilishana. Nikodemo alichukua mpanda farasi wa pembe, akamwachia Yasmini kichupa cha dawa ya macho chenye kitu kizito, kilichong'aa na kutetemeka kama jicho lenye uhai.

"Ukinitaja," alisema akiondoka, "namwambia mama yako unavyosimama nyuma ya banda."

Kesho yake alasiri, mama alipokuwa gulioni, Yasmini aliingia jikoni akafunga mlango asionekane. Yassini alikuwa amelala juu ya mkeka kando ya ukuta. Yasmini alilisugua taji kwa zebaki, na papo hapo likawa jeupe kama fedha. Moyo wake ulifurahi. Aliiweka beji katika kikaango, akaweka kikaango juu ya makaa, na ile zebaki iliyobaki akaimimina humo humo ili dhahabu iwe nyingi.

Hakuona moshi wowote wala kusikia harufu. Uso wa malkia uliumuka, ukapasuka, ukaungua. Alipoipua kwa kijiti beji ikadondoka, na matone yanayong'aa yakatawanyika sakafuni, yakajificha katika nyufa za udongo. Malkia hakuwa tena na taji wala macho. Yasmini alimtupa chooni, akasugua kikaango kwa majivu, akakitundika mahali pake. Alipomwinua mdogo wake, mtoto alikuwa anakohoa.

Kikohozi hakikukoma. Yassini alipata homa, akakataa uji, na mbavu zake zikawa zinaingia na kutoka kwa haraka. Yasmini naye aliumwa kichwa, na kinywani mwake mlikuwa na ladha kama amelamba ufunguo, lakini hakusema.

Mama aliwapeleka zahanati. Nesi Dorka, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole, alimpima mtoto damu.

"Shikamoo, nesi," alisema Yasmini, na nesi akaitikia akiwa anatazama majibu.

"Malaria haipo," alisema. "Mama Yasmini, naomba uniambie. Kuna mtu anachoma dhahabu nyumbani kwenu? Naona watoto wengi sana wenye kifua cha namna hii. Mvuke wa zebaki hauonekani, na matone yake yakiingia kwenye udongo wa sakafu, kila ukiwasha moto yanatoka tena."

"Hakuna, nesi. Mume wangu ni mtu wa vitenge. Kwangu hiyo zebaki haijaingia."

Nesi akamgeukia Yasmini. "Na wewe, mwanangu? Hujaona mtu akichoma kitu?"

Akilini mwake Yasmini aliiona ile kanga nyuma ya mlango ikivuliwa, beji moja baada ya nyingine. Alimwona mama yake akielezwa habari za banda la video. "Hapana," alisema.

Wakapewa dawa ya kifua, wakarudi.

Jioni mvua ilinyesha, na baridi ikaingia. Mama akachukua godoro la mtoto akalihamishia jikoni, karibu na moto, apate joto. Yasmini alisimama mlangoni.

"Mama, huku kuna moshi. Tumlaze chumbani."

"Chumbani kuna baridi, Yasmini. Mtoto anatetemeka, huoni?"

"Jikoni si pazuri, mama."

"Pana nini?"

Yasmini alizitazama nyufa za sakafu. Mama akachochea kuni, akampakata mtoto, akaanza kumsomea Ayatul Kursiy huku akimpapasa kifua. Kila alipomvuta karibu na moto kwa mapenzi, ndivyo alivyomsogeza kwenye madhara, na Yasmini aliyaona hayo yote, akabaki ameshikilia mwimo wa mlango.

Asubuhi mtoto alikuwa na vidonda mdomoni, na alilia bila sauti. Jirani yao, Mama Mogesi, alikuja kuwajulia hali, akamfungua mdomo.

"Mama Yasmini, nesi hajui hili. Hayo ni meno ya plastiki, yanayoota kwenye fizi za watoto na kuleta homa. Yupo mama mmoja anayatoa kwa kisu, hata dakika hazipiti. Wangu alitolewa, akapona."

"Kwa kisu?" aliuliza mama.

"Kwani una njia nyingine?"

Mama alimfuta mtoto mate mdomoni. Alikuwa mwanamke mwenye msimamo, lakini usiku ule ulikuwa umemmaliza, na mume wake alikuwa mbali asikofikiwa. "Sina," alisema mwishowe. "Mwite."

Mama Mogesi akajifunga kanga kiunoni, akatoka. Yasmini alimtazama akivuka uwanja, kila hatua ikimpeleka karibu na kile kisu.

"Mama, mwambie arudi," alisema. "Ni zebaki. Niliichoma mimi, humu jikoni, Yassini akiwa amelala. Nilitaka taji la malkia liwe la dhahabu. Kuna matone yamebaki sakafuni."

Alisema yote kwa mfululizo, pamoja na habari ya kichupa, ya Nikodemo, na ya kusimama nyuma ya banda. Alipomaliza, alingoja kipigo. Kipigo hakikuja. Mama yake aliketi chini, akalitazama godoro lililo kando ya moto.

"Nesi alikuuliza," alisema taratibu. "Nilikuwepo. Alikuuliza."

"Niliogopa utanichukulia beji."

Mama aliinuka. Alimbeba mtoto mgongoni, akamwita Mama Mogesi arudi, akamwomba afunge jiko na asiruhusu mtu kuingia. Yeye na Yasmini wakapanda pikipiki hadi zahanati.

Nesi Dorka alimsikiliza Yasmini hadi mwisho bila kumkatiza. "Hapa sina hewa ya kumsaidia kupumua," alimwambia mama. "Anakwenda hospitali Tarime sasa hivi, na binti naye apimwe. Yasmini, hiyo zebaki ilitoka nyumba gani? Nauliza kwa sababu kuna watoto wengine."

Yasmini alimkumbuka Nikodemo na onyo lake la kutomtaja, lakini safari hii hakusita. Nesi alipofika kwa kina Nikodemo aliikuta chupa ya soda iliyojaa zebaki chini ya kitanda cha watoto, kizibo kikiwa kitambaa tu.

Huko hospitali hapakuwa na kazi ambayo Yasmini angeweza kuifanya. Hakuweza kumpumulia mdogo wake, wala kumbebea homa, wala kuirudisha alasiri ile. Alikaa kwenye benchi, akarudiarudia Al-Fatiha, na kila aliposikia viatu vya daktari alishusha macho. Mzee Athumani alifika kutoka Ikoma akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alipoelezwa, alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kisha akaketi kando yake kwenye benchi lile lile, akangoja naye.

Kwa rehema za Mwenyezi Mungu, kifua cha Yassini kilianza kutulia. Siku moja aliomba uji, akaumwaga nusu, akacheka. Waliporudi Matongo, bwana afya alikuwa amekwisha kuchimbua sakafu ya jiko na kuuondoa udongo wake, na kikaango kilikwenda pamoja nao. Yasmini aliishusha ile kanga kutoka nyuma ya mlango akamletea mama yake.

"Irudishe," alisema mama. "Sikukukataza beji."

Ulipofika wakati wa kumpeleka Yassini kuangaliwa tena zahanati, alikimbia mwenyewe mpaka kwenye meza ya nesi. Nesi Dorka alimpa kalamu aishike. Aliishika vizuri, lakini ncha yake ilitetemeka kidogo. Nesi akamwita Yasmini asogee.

"Nisikilize, mwanangu. Ulipoichoma zebaki hukujua, na asiyejua hufundishwa. Sisi wakubwa ndio tuliokosa kukufundisha, na kuanzia sasa nitapita kila darasa kulieleza jambo hili. Lakini siku nilipokuuliza, ulijua. Ulihofia beji, na mdogo wako akarudishwa kwenye moto. Mgonjwa anaponywa kwanza kwa habari za kweli, ndipo dawa ifuate. Mganga anayefichwa anatibu gizani, hata awe hodari namna gani."

"Nimekosa, nesi."

"Umekosa, na umesema. Umesema hata lile lililokuwa gumu zaidi, na wadogo zake Nikodemo leo wako salama."

Yasmini aliitazama ile kalamu mkononi mwa mdogo wake. "Atapona kabisa? Huko kutetemeka kutakwisha?"

Nesi Dorka alisogeza kiti karibu. Aliushika mkono mdogo wa Yassini katika wake, akauhisi, kisha akamtazama Yasmini usoni.

"Naona kunapungua, na ninatumaini kutakwisha," alisema. "Lakini hakika yake sijui. Ningeweza kukuambia ndiyo, ukaenda nyumbani ukiwa na furaha. Mimi na wewe hatutafanyiana hivyo."