Kiti cha Katikati

Kiti kilikuwa na joto.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mumewe ameshakwenda gereji tangu saa moja, na Bi Sindano, mshonaji wa nguo, alikuwa amefungua chumba cha muziki kwa ufunguo wake ili afute vumbi. Aliweka kiganja kwenye kile kiti cha ngozi, akakitoa upesi. Joto la jua halikuwa, maana pazia lilikuwa limeshushwa. Lilikuwa joto la makalio, mniwie radhi, la mtu aliyeinuka sasa hivi.

Sasa mwanamke gani atakuta kiti cha mumewe kina joto aanze kuwaza jini? Bi Sindano aliwaza mwanamke mwenzake, na papo hapo akamvika gauni kabisa, jekundu, la kubana.

"Nilikwambia," alisema Mama Redio, jirani aliyepewa jina hilo kwa sababu ukimpa habari asubuhi, mchana mtaa mzima unayo. "Mwanamume anunue mitambo ya bei ile, ajifungie nayo, halafu wewe useme anasikiliza muziki? Amka, shoga!"

"Na mle ndani mnanukia marashi," Bi Sindano akanong'ona.

"Ehee! Marashi!"

Mitambo yenyewe Bi Sindano na mumewe walikwenda kuinunua pamoja. Mumewe alikuwa fundi magari, akiitwa Masikio kwa kuwa aliutambua ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza tu. Aliuza pikapu yake ili apate amplifaya ya valvu, ile ya kizamani yenye vichupa vya kioo vinavyowaka kama makaa, na spika mbili ndefu kama watoto wa darasa la tano. Duka lilikuwa ghorofani, zulia toka ukuta hadi ukuta, na mwenye duka alikuwa bwana mwembamba anayetembea kwa soksi. Mbele ya spika palikuwa na viti vitatu.

"Keti hapo pembeni, mzee," mwenye duka alisema.

"Pembeni? Kwani mimi mlinzi? Sauti inakutana hapa katikati."

Na kweli, kwa mitambo ya aina ile ni mahali pamoja tu ambapo sauti za spika zote mbili hukutana. Ukikaa hapo, unamsikia mwimbaji amesimama mbele yako, hata kidole unaweza kumwonyesha. Masikio akajitupa kwenye kiti cha katikati. Bi Sindano akamwona mwenye duka anatazama juu ya bega la mumewe, anasema kwa sauti ndogo, "Samahani." Na hakuwa akimwambia Masikio.

Kisha, kabla hata hawajaomba, akapunguza bei. "Na kiti chukueni bure. Kinakwenda na mashine."

Muuzaji mwenye haraka vile ya kutoa bure, Bi Sindano hakuwa amemwona maishani mwake. Hilo hakulisahau.

Basi, akaamua kumnasa huyo wa gauni jekundu. Adhuhuri moja alisaga chaki yake ya kushonea, akainyunyiza sakafu nzima ya chumba cha muziki, laini kama poda, akatoka kinyumenyume, akafunga mlango, ufunguo akautia kifuani. Akaketi kibarazani kwenye cherehani yake, sikio moja chumbani. Hakuingia mtu.

Lakini ikalia swichi. Kisha ukaja ule mvumo mdogo wa valvu zinapopata joto. Marashi yakapita chini ya mlango, na safari hii yamechanganyika na harufu ya nywele zilizoungua.

Akafungua mlango, akaona vichupa vinawaka ilhali hakuna aliyevigusa, na juu ya chaki, ambayo hapo mlangoni haikuwa na alama hata ya mende, akaona nyayo, nyayo za miguu mitupu, nyembamba, ndefu kupita za binadamu, zimeanzia kwenye amplifaya, zimepita katikati ya spika, zimekuja moja baada ya moja mpaka kwenye kiti, na hapo mbili za mwisho zimegeuka na kutulia sambamba kama za mtu aliyeketi, zilikwenda, hazikurudi, na ngozi ya kiti, iliyokuwa imebonyea, ikalia taratibu, kama mtu anayejigeuza asikilize ni nani aliyeingia.

"Samahani," Bi Sindano akajikuta anasema, akafunga mlango.

Jioni Masikio alirudi uso umemshuka. "Injini ya mteja imenifia mkononi. Nimeiwekea sikio, kimya."

"Baba watoto, tangu lini husikii?"

"Ee?"

"Tangu lini husikii?"

"Nini?" Akapita zake, akaingia chumba cha muziki. Huko ndani akacheka kwa raha. "Hapo! Umesikia alivyovuta pumzi?"

Alikuwa akimuuliza nani?

Kesho yake Bi Sindano alipanda zile ngazi za duka. "Umetuuzia nini?"

"Punguza sauti, mama." Mwenye duka alitazama nyuma yake kwanza. "Nimekaa naye miaka sita. Ni msikilizaji tu. Ukimpisha, hana neno. Ila mtu akimkalia kiti chake, yeye humla masikio, kidogo kidogo."

"Mchukue!"

"Simtaki. Na hatoki kwa dawa wala kwa fimbo. Hahami mpaka apate sauti nyingine ya kumnogea."

Bi Sindano akarudi nyumbani, akaficha ufunguo wa mumewe, akaiburuta cherehani yake kuukuu, ile inayogonga kama bati la mvua, mpaka mle chumbani. Akashona. Siku ya kwanza amplifaya ilimngurumia. Siku ya pili ikanyamaza. Siku ya tatu vichupa vilizimika kimoja kimoja, na alipokuwa anapinda pindo akasikia kiti kinasogea juu ya sakafu, kidogo, kinatulia, kidogo tena, mpaka marashi yakamfikia shingoni. Hakugeuka. Aliendelea kukanyaga pedali.

Wiki haikuisha, Masikio akapaza sauti toka uani. "Mama watoto! Cherehani yako inataka mafuta!"

Bi Sindano alilia kwa furaha. Akairudisha cherehani kibarazani, na kiti akakiweka karibu nayo, maana sasa hakuwa na hiari. Akisimamisha kushona, ngozi inalia. Akienda kulala, inalia. Vidole vikamvimba.

Ndipo akaja Mama Redio kupimwa gauni.

"Keti hapo pembeni, shoga."

"Pembeni? Kwani nimekuja kuomba?" Akajimwaga kwenye kiti cha ngozi, na kabla hajavuta pumzi ameshaanza: yule wa nyumba ya kona, na mkwewe, na kilichosemwa dirishani.

Mguu wa Bi Sindano ukasimama juu ya pedali. Akasubiri ngozi ilie. Haikulia. Marashi yakamtoka shingoni, yakahamia upande wa pili.

Akatazama juu ya bega la jirani yake. "Samahani," akasema, kwa sauti ndogo.

"Unaniomba samahani ya nini?"

"Si wewe, shoga. Endelea."

"Mbona kiti chako kina joto zuri hivi?"

"Umekipenda? Kichukue bure," alisema Bi Sindano, akifungua futi yake ya kupimia. "Kinakwenda na gauni."