Shimo la Mulei na Vipimo vya Mbithe

Kila siku baada ya masomo, Mbithe alimbebesha punda mitungi minne na kushuka naye hadi mto mkavu ulio chini ya soko la Ikutha. Huko alichimbua mchanga, akangoja maji yajikusanye, akayachota kikombe kwa kikombe. Kwenda na kurudi kulimchukua saa mbili. Kwa hiyo msimlaumu haraka kwa alilolifanya.

Kaka yake, Mulei, alikuwa mwaka wa nne chuoni akisomea usanifu majengo, yaani kuchora majengo kabla hayajajengwa. Likizo hiyo alikuja na habari mpya. Alitaka kuunganisha shahada yake na sayansi ya udongo, hata kama angechelewa kumaliza kwa miaka miwili. Baba yao, Mzee Musyimi, hakutaka kusikia.

"Mchora nyumba achore nyumba," alisema. "Umewahi kuona daktari akisomea upishi?"

"Baba, nyumba inakaa juu ya udongo," Mulei alijibu kwa upole. "Nisipoujua, nitakuwa nachora picha tu."

Mzee Musyimi alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyotaka kujenga darasa la chekechea karibu na kanisa, na Mulei ndiye aliyechora ramani yake. Kabla ya msingi kuchimbwa, Mulei alichimba shimo lenye kina cha mkono mzima pale kiwanjani, kisha akampa Mbithe rula ndefu na daftari. Yeye alikuwa anarudi chuoni kwa siku nne.

"Kila jioni mwaga mtungi mmoja humu," alimweleza. "Asubuhi pima maji yaliyobaki, uandike. Yakiisha yote, udongo ni mzuri. Yakibaki, basi huu ni ule udongo unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Ukuta ulio juu yake utapasuka pia, tusipochimba msingi hadi tufike kwenye mwamba."

Mbithe aliitikia. Lakini jioni ilipofika, alisimama na mtungi kando ya shimo, mikono ikakataa. Lita ishirini zimwagwe chini zipotee bure! Nyumbani sukuma wiki ya mama ilikuwa imejikunja kwa kiu. Alimwaga kikombe kimoja shimoni, maji yaliyobaki akaimwagia sukuma wiki. Asubuhi shimo lilikuwa kavu, akaandika sufuri. Alifanya hivyo siku zote nne, na moyo haukumsuta hata kidogo.

Mulei aliporudi, Mzee Musyimi alikuwa ameshalisoma daftari.

"Sufuri, sufuri, sufuri, sufuri," alisoma tena wakati wa chakula cha jioni, akitabasamu. "Udongo hauna neno. Kesho mafundi wanachimba futi mbili, basi. Sasa hiyo sayansi ya udongo ni ya nini?"

Mulei aliligeuzageuza daftari. "Kama vipimo ni hivi, nilikosea kuushuku udongo huu," alisema polepole. "Nitaiacha, Baba."

Mbithe aliacha kutafuna. Alimtazama mdogo wao, Ndunge, aliyekuwa akila muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, kwa vidole. Mwaka ujao Ndunge angeketi ndani ya darasa hilo. Mbithe aliisukuma sahani yake kando.

"Baba, sikumwaga mtungi," alisema. "Nilimwaga kikombe tu. Niliona ni kupoteza maji."

"Na hayo mengine yalienda wapi?"

"Kwa sukuma wiki ya Mama."

"Ai! Na mimi nimekuwa nikimshukuru Mungu vile imeamka!" mama alisema. Ndunge peke yake ndiye aliyecheka.

Mzee Musyimi hakugomba. Aliinuka, akabeba mtungi mwenyewe hadi kiwanjani, akamwaga maji yote shimoni huku watoto wakitazama. Asubuhi alikuwa wa kwanza kufika. Maji yangalipo, kina cha shubiri nzima, yametulia kama yako ndani ya sufuria. Akawapigia mafundi simu wasije.

"Mbithe," alisema, "kuyahurumia maji si kosa. Kosa ni kuandika kwamba umepima kitu ambacho hukupima. Ukuta ukianguka, hauulizi kama ulikuwa na huruma." Kisha akamgeukia Mulei. "Hata mimi nilizipenda zile sufuri kwa sababu zilisema nilichotaka kusikia. Nenda ukausome huo udongo."

"Nitausoma, Baba. Lakini mimi pia sikumuuliza Mbithe maji hutoka wapi."

Jioni hiyo Mulei alishuka mtoni pamoja na Mbithe na punda, akarudi akilalamikia mgongo. Mbithe naye alifungua daftari, akazikata sufuri zote nne kwa mstari. Chini yake aliandika kipimo cha baba, kisha akaongeza: "Vya juu si vya kweli. Ni mimi, Mbithe."