Wino wa Jaliah

Asubuhi ile mtaa wetu wa Nyamityobora ulikuwa kama siku zote: harufu ya chapati, redio ya kinyozi, na jirani yetu Isa, digrii ya Makerere imefungiwa kabatini, akipiga miayo kibarazani. Mwaka wa themanini na saba, kazi hakuna.

Ndani mwao, Shehe Nasuru alikuwa akimwandikia Jaliah, dada yake Isa, kombe. Aya za Kurani kwa wino wa zafarani juu ya sahani, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Homa ikaanza kumwachia.

"Wino uliobaki kaumwage mgombani, pasipokanyagwa," shehe alimwagiza Isa. "Usiandikie kitu kingine. Huo ni wake."

Ushamba mtupu! Isa alikuwa na kalamu ya wino yenye tumbo angavu, wino wote unauona ukicheza ndani. Ndicho kitu pekee cha maana alichotoka nacho chuoni. Akaijaza zafarani ile. Ikang'aa kama asali juani. Akadandia lori hadi Base Camp, kwenye ofisi za kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kutafuta ukarani.

"Degree tena?" Byaruhanga wa mapokezi akacheka. "Banange! Ssebo, hapa madigrii tunafagia nayo. Andika jina, ukae kule na wenzako."

Miaka yote ile vitabuni, halafu huyu mbwa aliyepewa kiti na mjomba wake! Isa akaandika jina kwa nguvu, karatasi ikachanika. Akaandika tena. Na tena.

Akaitazama kalamu.

Wino haukupungua. Ulikuwa umepanda.

Haukuwa wa manjano tena. Ulikuwa mwekundu. Na kalamu ilikuwa na joto, kama mkono wa mtu.

Alirudi nyumbani mbio. Midomo ya Jaliah ilikuwa rangi ya majivu.

"Kaka," alinong'ona, "nani alikuwa ananivuta?"

Shehe, kando ya kitanda, aliiona kalamu mfukoni mwa Isa.

"Mrudishie. Wote."

Isa akaifungua, akamimina wino katika sahani ya maji. Jaliah akanywa. Damu ikarudi usoni.

"Msomi mzima!" shehe akafoka. "Dawa ya dadako unajiombea nayo kazi!"

Isa akaiponda kalamu kwa jiwe, akimtukana Byaruhanga, chuo na serikali.

Jaliah yu hai. Ana mume, ana watoto. Lakini akiinua mkono juani, ngozi ya kifundo huwa angavu, na chini yake kimstari chekundu hutembea, kikijipinda, kikiandika jina. Hufika mwisho. Huanza upya.

Si jina la Isa. Wala la yeyote tunayemjua: kuna mwingine bado anaandikia damu yake.