Isale Ndani ya Bomba la Moshi

Bomba lilikohoa wakati injini haijawashwa. Wenseslaus, fundi wa kuchomelea mabomba ya moshi pale Shirimatunda, alikuwa amelala chali chini ya gari. Akadhani ni upepo, akaendelea kukwangua kutu kwa brashi ya waya.

Gari lenyewe lilikuwa la michezo, la Kiingereza, la milango miwili. Mwaka ule mji wa Moshi ulijaa magari ya mitumba ya Japani, lakini Denis, mchumba wa binti yake Pamela, hakutaka hata moja. Alitaka bibi harusi apelekwe kanisani kwa gari la marehemu baba yake, mzee Aristides, lililokaa miaka mingi kwenye migomba ya Kilema. Bomba lake lilikuwa limeoza. Harusi ilikuwa Jumamosi, na baba gani angekataa kumtengenezea mwanawe gari la harusi?

Jambo moja tu lilimkera. Kila alipokuja gereji, Denis alisimama mbele ya gari, hata siku moja hakuzunguka nyuma. Kijana anayelisifia gari namna ile, kisha hataki kuliona mgongo, ana lake jambo.

Asubuhi hiyo Wenseslaus aliligonga bomba kwa nyundo, uchafu ukamwagika: kutu, masizi, viota vya nyigu. Akaufagia wote akautupa kwenye moto wa takataka. Ndipo akaona jani katikati ya ndimi za moto, limefungwa fundo, bichi kabisa, haliungui. Lilikuwa isale. Uchaggani anayekuletea isale lenye fundo anakuomba msamaha, na hata kama amekuulia ndugu, hulikatai. Yeye alikuwa amelitupa motoni. Alipochukua kijiti alitoe, likasinyaa likawa majivu.

Denis alipofika, Wenseslaus alimuuliza taratibu nani aliweka isale kwenye bomba. Kijana akajibu huku anaangalia viatu vyake. Eti baba yake aliwahi kumgonga na kumuua mama mmoja, Priska, kwenye kona ya Kilema, ukungu umetanda. Mzee akapeleka isale, ndugu wa marehemu wakalipokea, wakalisokomeza kwenye bomba ili gari lisiwashwe tena.

"Lakini mzee ameshafariki, baba," Denis alisema. "Mambo yaliisha."

Hayakuwa yameisha. Watu wa pwani wana majini yao ya baharini. Sisi wafu wetu tunawazika mgombani, nyuma ya nyumba, kwa hiyo hawana safari ndefu. Mchana ule bomba, lililokwisha kuchomelewa vizuri likang'aa, lilianza kukohoa tena, kikohozi kikavu cha mama aliyeishiwa pumzi, na kila kikohozi kilileta harufu ya udongo mbichi na maua ya kahawa, ingawa injini ilikuwa ya baridi na betri imefunguliwa, hadi majirani wakaacha kupita njia ile, na Wenseslaus, aliyezoea kushika moto kila siku, akarudi nyuma hatua tatu. Aliogopa sana. Pamela ndiye angekaa ndani ya gari lile.

Akakata masale kwenye ua wa jirani, akamwambia Denis afunge fundo. Pamela alikuwa amefika na sufuria ya kiburu, ndizi na maharage, chakula cha baba yake, akasimama kando. Kwa mara ya kwanza Denis akachuchumaa nyuma ya gari, akaingiza jani.

"Mama Priska, msamehe baba yangu."

Bomba likakohoa. Jani likatoka, likamwangukia gotini, limekauka. Akafunga jingine, nalo likarudi vilevile.

"Isale halikataliwi," Wenseslaus alinong'ona. "Labda anayeombewa siye aliyekosa."

Pamela akaweka sufuria chini. "Denis," akasema kwa sauti ndogo, "taja jina lako."

Denis akaanza kulia. "Nilikuwa naendesha mimi. Baba aliibeba kesi yangu. Nisamehe, mama Priska. Ni mimi, Denis."

Akaingiza jani la mwisho. Likakaa, na bomba likanyamaza.

"Labda yeye amekusamehe," Pamela alisema. Akavua pete, akaiweka juu ya boneti, akamshika baba yake mkono waende nyumbani.

Hawajafika getini wakakisikia kikohozi kile kile, kikavu, cha mama aliyeishiwa pumzi. Wenseslaus akageuka kulitazama bomba. Lilikuwa kimya, na jani liko mahali pake. Aliyekuwa anakohoa ni Denis.