Bomba Lililotoboa Paa

Muasya alikuwa dereva wa kiwanda kimoja cha Industrial Area. Aliishi mtaa wa Tena na mkewe Nthambi na binti yao Mbeti. Mwaka mmoja walinunua televisheni. Bomba refu la eriali lilipitishwa kwenye tundu la paa la mabati. Jirani yao Walter, aliyewahi kuunda mashua Kisumu, alimsaidia Muasya kulisimamisha.

"Hapo kwenye tundu ufunge mpira wa tyubu kuukuu ya gari," Walter alimwambia.

Muasya hakutaka tyubu kuukuu juu ya nyumba yake. Watu wangemcheka. Akaziba kwa saruji.

Mvua ilinyesha siku akina mama wa kanisa walipokuja kwa maombi. Maji yalifuata bomba, yakamdondokea mgeni mmoja kichwani. Nthambi alileta sufuria ya kukinga, macho chini.

"Ni Walter aliyeniharibia paa," Muasya akawaambia wageni.

Nthambi aliamini. Kesho yake alimwendea Walter, akamlaumu bila kumbakizia neno. Walter hakubishana. Mabati yalipokauka, alileta ngazi, akapanda na Muasya. Nthambi alisimama chini.

"Saruji hii ni ya nani?" Walter aliuliza.

Muasya aliishika ngazi, akataka kushuka.

"Baba Mbeti, unaulizwa," Nthambi alisema.

"Ni yangu." Sauti yake ilisikika kwa shida.

Walter hakumtazama. "Upepo ukivuma, bomba hutikisika. Saruji haipindiki, kwa hiyo hupasuka. Hata mlingoti wa mashua, pale unapopita kwenye sitaha, tunauvalisha mpira."

Walibandua saruji. Walifungua eriali, wakalivisha bomba kipande cha tyubu kutoka juu, kama sketi. Upande wa chini waliutandaza kwenye mabati, wakaubandika kwa lami pande zote. Upande wa juu waliukaza kwa waya, wakapaka lami hapo pia. Katikati waliuacha mpira ulegee, ili bomba likitikisika usiraruke.

Muasya alifanya kazi yote akiwa ameinama. Alimaliza bila kuomba radhi.

Akina mama walipokuja tena, mvua ilikuwa kubwa. Sakafu ilibaki kavu. Wageni wakasifu. Muasya alisimama mlangoni, uso umemshuka.

"Paa nililiharibu mwenyewe," alisema. "Walter ndiye aliyelitengeneza. Niliwadanganya."

"Na yeye umemwomba radhi?" mama mmoja aliuliza.

"Bado."

Nthambi aliweka birika chini, akajitanda leso. Yeye pia alikuwa na lake la kusema. Wakatoka wote wawili mvuani, wakaenda kubisha kwa Walter.