Mbabula Chini ya Kisanduku Kipya

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shuleni, Chadia alikuwa na kazi mbili nyumbani kwao Uvira, karibu na ziwa. Ya kwanza ilikuwa kuwasha mbabula, yaani jiko la makaa, na kuiacha uani mpaka moshi uishe, ndipo mama yake, Aziza, akaange mandazi. Ya pili aliipenda zaidi: kusoma namba za vyombo viwili vilivyofungwa ukutani na kuziandika daftarini.

Vyombo hivyo vilipima hewa ya ukaa, mojawapo ya gesi zinazoongeza joto duniani. Cha zamani kiliaminika, nacho kilivuta hewa kwa mpira mwembamba kutoka juu ya mlingoti. Cha pili, kisanduku kipya cha bei nafuu, kilikuwa kikijaribiwa kwa mwezi mmoja. Kikifaulu, kingepelekwa shuleni kwa kina Chadia. Fundi Toussaint, aliyevileta vyombo hivyo, alimchagua Chadia kwa mwandiko wake mzuri, jambo ambalo Chadia hakuchoka kulitangaza darasani. Sharti lilikuwa moja tu, moto usisogee karibu. Daftari lilikuwa hata na safu ya kujibu: "Moto karibu?"

Wiki ya tatu mvua ilinyesha kila alfajiri. Uani palibaki mahali pamoja pakavu, upenuni, chini ya kisanduku kipya. Chadia akaiweka mbabula pale siku nne mfululizo. Katika ile safu aliandika "Hapana" mara nne, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Jumamosi Toussaint alikuja, akafungua daftari, akakunja uso.

"Cha zamani 426, hiki 690? Hii mashine iko inadanganya. Jumatatu ninairudisha kwa wenyewe. Masomo, shule yenu, haitaipata."

Chadia alijua vizuri nani alidanganya. Akisema, angenyang'anywa daftari na darasani wangemcheka. Lakini aliwakumbuka wenzake waliokisubiri kisanduku kile, akaona aibu kubwa zaidi.

"Papa Toussaint, pardon. Haiko mashine, ni minye. Niliweka mbabula pale chini sababu ya mvua, nikaandika hapana."

"Weye Chadia!" mama yake akamaka kutoka mlangoni.

Toussaint hakufoka. "Lete hiyo mbabula."

Akaushusha ule mpira kutoka mlingotini, akauweka kando ya kisanduku kipya, na mbabula inayowaka chini yake. Namba zote mbili zikapanda mpaka zikafika 684 na 690. Mbabula ilipoondolewa, zikashuka pamoja. Fundi akacheka kwa furaha.

"Kumbe iko inasema kweli!"

Chadia alikuwa ameshashika kifutio. Toussaint akamzuia.

"Usifute. Piga mstari, andika kando kilichotokea. Mashine ikikosea, tunaitengeneza. Lakini muntu akiandika uongo, tunatupa hata mashine nzuri. Umesema kweli ingawa uliogopa, basi kaye inabaki kwako," akasema, akimsukumia daftari.

Kesho yake mvua ilinyesha tena. Chadia akaibeba mbabula mpaka barazani kwa jirani yao, Mama Bernardine, akarudi amelowa chapachapa. Mwandiko wake siku hiyo ulipindapinda kwa baridi. Mwisho wa mwezi kisanduku kilihamia shuleni, na alipowaonyesha wenzake daftari, Chadia alianza na ukurasa ule aliopiga mistari na kuandika ukweli kando: "Moto karibu? Hapana."