Vidole vya Amondi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Amondi alimsaidia mama yake kufungua kibanda chao cha chai na mandazi pale Kianda, mtaani Kibera. Yeye alibeba mitungi ya maji kutoka bombani huku mama, Rosebella, akisukuma unga na kupasha mafuta. Kufikia wakati wa vibarua kupita wakielekea kazini, sufuria ya chai ilikuwa ikitoa mvuke, na mabenchi mawili yamejaa watu.

Wateja walimpenda Amondi kwa sababu ya mdomo wake. Alikuwa msichana mwembamba wa miaka kumi na mitatu, na hakuna swali lililomshinda kujibu.

"Amondi, hiyo mitungi si mizito kukushinda?" Mzee Wesonga, fundi wa mbao, alipenda kumchokoza.

"Inamshinda nani?" Amondi alijibu, akaushusha mtungi na kuinua mwingine. Watu wakacheka.

Ukweli ni kwamba mitungi ilikuwa mizito. Lakini hakuna mtu pale Kianda aliyewahi kumsikia Amondi akisema amechoka, anaumwa au anaona baridi. Hata siku alipochomwa na msumari mguuni alitembea hivyo hivyo hadi jioni, mpaka mama alipoona damu kwenye kiatu. Mama alimkaripia sana. Hata hivyo, moyoni Amondi alijiona shujaa.

Mwaka huo alikuwa na habari kubwa. Kikundi cha wanasayansi wanaochunguza theluji kilikuwa kimewaalika watoto kutoka nchi mbalimbali waende kuona kazi yao katika kisiwa cha Spitsbergen, kaskazini kabisa mwa dunia. Nairobi ilipewa nafasi mbili. Amondi alipata moja kwa sababu ya kapu alilotengeneza, ambalo alilijaza vitambaa na nyasi kavu. Chai iliyowekwa humo alfajiri ilibaki moto hadi mchana. Nafasi ya pili alipewa Billy Mukhwana wa mtaa wa Kawangware 46, aliyebuni kengele ya kuwaonya watu mto unapokaribia kufurika.

"Huko majira haya ya baridi jua halichomozi kabisa," Amondi aliwaeleza wateja.

"Halichomozi?" Mzee Wesonga aliweka kikombe chini. "Sasa watu wanajuaje kumekucha?"

"Wana saa, Mzee."

"Na baridi je?"

"Baridi ni baridi tu. Mimi ni wa Kibera."

Baba yake, Nicanor, alizunguka soko la Toi mpaka akampatia koti zito la mitumba. Siku ya safari alimfunga vifungo mwenyewe, kama mtoto mdogo. "Baridi ya Julai hapa Nairobi naijua," alisema. "Hiyo ya huko siijui, kwa hivyo sitaweza kukushauri. Wasikilize wenyeji, mwanangu."

"Sawa, Baba," Amondi alijibu, ingawa masikio yake tayari yalikuwa kwenye ndege.

Kwenye uwanja wa ndege walimkuta Billy akisubiri na begi kubwa mgongoni. Mwalimu Jentrix, mwalimu wa sayansi wa Amondi, ndiye aliyekuwa akiwasindikiza wote wawili.

"Niaje?" Billy alimsalimu Amondi.

"Poa."

"Umejipanga kweli? Usianze kulia na baridi tukifika huko."

"Mimi? Tutaona nani atalia kwanza!"

Wakacheka na kugonganisha ngumi. Ulikuwa utani, lakini kila mmoja aliuchukua moyoni kwa uzito kuliko alivyoonyesha.

Walifika kisiwani mchana, na mchana huo ulikuwa na giza. Nyota zilionekana waziwazi juu ya milima myeupe. Nyumba za mji mdogo zilikuwa za mbao, nyekundu na za manjano, na kila dirisha lilikuwa na taa. Theluji ililia chini ya viatu kama mtu anayetafuna njugu karanga. Amondi alipovuta pumzi ya kwanza, vinyweleo vya puani vikaganda, akapiga chafya, na Billy akaangua kicheko.

Kiongozi wao aliitwa Torunn, mwanamke mrefu aliyezaliwa kaskazini mwa Norwei. Alibeba bunduki begani kwa sababu ya dubu weupe, na aliongea Kiingereza polepole ili wageni wamwelewe. Aliwapa mavazi ya kule: buti pana, suruali nene, na glavu za aina mbili, nyembamba za sufu za kuvaa ndani na kubwa za kuvaa juu. Kisha akawaketisha.

"Nina sheria moja," alisema. "Kila tukisimama, nitawauliza kuhusu vidole. Vidole vikiuma kwa baridi, tunavipasha joto na kuendelea. Lakini vikiacha kuuma vyenyewe, wakati bado mko kwenye baridi, hapo damu haifiki tena. Mtu anaweza kuvipoteza. Niambieni saa hiyo hiyo. Sitawacheka wala sitakasirika. Ila siwezi kuona ndani ya glavu zenu, kwa hivyo nategemea midomo yenu."

Amondi na Billy walitikisa vichwa kwa pamoja, kama wanafunzi wema.

Siku iliyopangwa kwa kazi, walitoka mjini kwenda kwenye kibanda cha wanasayansi kilicho bondeni, ili kupima kina cha theluji. Walisafiri kwa vigari visivyo na magurudumu, vinavyovutwa na mbwa. Torunn aliwabeba watoto wote wawili, na Mwalimu Jentrix akafuata nyuma na kiongozi mwingine, Aslak. Mbwa walibweka kwa furaha, kigari kikateleza, na Amondi akapiga kelele ya shangwe iliyorudishwa na milima. Alijiona kama malkia wa bonde lile.

Waliposimama mara ya kwanza ili mbwa wapumzike, Amondi alivua glavu kubwa. Alitaka kuishika theluji sawasawa, awasimulie wenzake ilivyo. Aliifinyanga kama unga wa mandazi, akamrushia Billy donge, naye Billy akamrushia lake. Walipomaliza kucheza, glavu zake za sufu zilikuwa zimelowa maji.

Alisimama akizitazama. Alijua vizuri sana maana yake. Alipokuwa akitengeneza lile kapu, alijifunza kwamba nyasi zikilowa, chai hupoa upesi. Alipaswa kuomba glavu kavu. Lakini Billy alikuwa akimtazama huku akitabasamu, na Amondi akaona kama tayari anamsikia akisema, "Ameshindwa." Basi akavaa glavu kubwa juu ya zile zilizolowa.

"Vidole?" Torunn aliuliza.

"Viko sawa!" Billy alijibu kwa sauti.

"Viko sawa!" Amondi alijibu kwa sauti kubwa zaidi.

Safari ikaendelea. Upepo ulianza kuvuma kutoka baharini, na vidole vya Amondi vikauma kama vimebanwa na mlango. Alikaza meno. Akawaza mitungi ya maji, akawaza msumari, akajiambia kwamba yeye hashindwi. Baada ya muda maumivu yakapungua, na mwishowe yakaisha kabisa. Amondi akatabasamu gizani. "Nimeizoea," akajiambia. "Baridi yenyewe imechoka."

Kituo cha pili kilikuwa chini ya kilima. Torunn alimimina chai ya moto kutoka kwenye chupa, akampa kila mmoja kikombe. Amondi aliona mkono wake ukikipokea, lakini hakuhisi chochote. Kikombe kikaponyoka, chai ikamwagika na kutoboa theluji. Alijaribu kukiokota, vidole vikakataa kujikunja. Ulikuwa kama mkono wa mtu mwingine.

Hapo ndipo maneno ya Torunn yalipomrudia. Vikiacha kuuma vyenyewe.

Aligeuka kumtafuta Billy. Billy alikuwa akizunguka kigari, akiupigapiga mguu wa kulia chini. Aliutua kama mtu anayetembea kwa gongo.

"Billy, mguu vipi?" Amondi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Uko poa."

"Niambie ukweli."

"Si nimekwambia uko poa? Wewe je?"

Walitazamana. Tochi ya kichwani ya Billy ilimmulika Amondi usoni, na ya Amondi ikammulika Billy. Macho ya mvulana yule yalikuwa na hofu ile ile aliyokuwa nayo yeye. Amondi akaelewa yote kwa mara moja: Billy alikuwa akimngoja yeye aseme kwanza. Kama angeendelea kunyamaza, Billy naye angenyamaza, na mwisho wangevipoteza vidole vyao kwa sababu ya utani wa uwanja wa ndege.

Torunn alikuwa ameshaanza kuwapanga mbwa. "Vidole?" akauliza bila kugeuka.

Amondi alikuwa na jibu kwa kila mteja wa Kianda. Jibu la "viko sawa" lilikuwa pale pale ulimini, jepesi kabisa. Alilimeza.

"Torunn, nilikudanganya," alisema. "Glavu zangu zililowa kule nyuma nikanyamaza. Sasa sivihisi vidole vyangu."

Torunn alirudi kwa hatua mbili. Kabla hajafika, Billy naye akasema, "Na mimi. Vidole vya mguu wa kulia. Sivihisi."

Hakuna aliyekaripiwa. Torunn alizivua glavu zilizolowa, akamulika vidole vya Amondi. Ncha zake zilikuwa ngumu na zimepauka, kama nta. Akafungua koti lake mwenyewe, akaichukua mikono ile baridi na kuiweka chini ya kwapa zake, huku akimwambia Aslak amweke Billy kwenye kigari na kumfunika. "Kibanda kiko nyuma ya kilima hiki," alisema. "Tunakwenda sasa hivi, na Billy asitembee kwa mguu ule."

Kibandani jiko liliwashwa. Amondi alitaka kukimbilia moto, lakini Torunn akamzuia. "Vidole visivyohisi huungua bila mwenyewe kujua," alieleza. Alitumia maji ya uvuguvugu, akiyajaribu kwa kiwiko chake kama mama anayetaka kumwogesha mtoto mchanga. Billy alipovuliwa buti, walikuta amevaa soksi tatu moja juu ya nyingine. Zilikuwa zimeubana mguu hadi damu ikakosa njia.

"Nilidhani nikiongeza soksi nitashinda baridi," Billy alisema, akitazama chini.

Kisha damu ikaanza kurudi, na maumivu yakarudi nayo. Yalikuwa makali kuliko yale ya kwanza, kama vidole vimetiwa pilipili na moto kwa pamoja. Amondi alilia. Hakujificha wala kukaza meno, alilia kwa sauti huku Mwalimu Jentrix akimshika mabega. Upande wa pili wa beseni, Billy naye alikuwa akilia.

"Nani amelia kwanza?" Billy aliuliza baadaye, akipangusa pua.

"Tumelia pamoja," Amondi alisema. "Hakuna mshindi." Na wote wakacheka katikati ya machozi.

Jioni hiyo daktari wa mjini aliwapima. Amondi alitokwa na malengelenge kwenye vidole viwili, na Billy kwenye kimoja cha mguu, lakini vyote vingepona. "Mmesema kwa wakati," daktari alisema akiwafunga bendeji. "Mngeendelea hadi mwisho wa bonde, leo ningekuwa na kazi nyingine kabisa."

Siku zilizobaki walifanya kazi kama washirika. Billy, asiyeweza kutembea sana, aliketi na kuandika vipimo. Amondi, asiyeweza kushika kalamu, alisoma kipimo na kumtajia kwa sauti. Kila Torunn alipouliza habari za vidole, alipata jibu refu. "Cha shahada kinawasha kidogo, cha kati kiko vizuri, dole gumba halina neno," Amondi alieleza, mpaka Torunn akacheka na kusema kwamba hajawahi kuongoza watu waongeaji hivyo.

Shule zilipofunguliwa Januari, Mwalimu Jentrix alimsimamisha Amondi mbele ya gwaride la asubuhi. Wanafunzi walimwuliza maswali mengi. Aliwasimulia giza la mchana, mbwa wenye nguvu, na mwanga wa kijani uliocheza angani kama shuka juu ya kamba.

"Na baridi je?" mvulana mmoja aliuliza. "Ulistahimili?"

Ingekuwa rahisi kujibu kama zamani. Amondi aliinua mikono yote miwili, waone ngozi mpya, nyororo, kwenye vidole viwili. "Sikustahimili," alisema. "Nilijidai, nikadanganya, nikakaribia kuvipoteza hivi. Nilipona kwa sababu mwishowe nilisema." Akawaeleza yote, hadi soksi tatu za Billy, bila kujipendelea.

Kisha, katika mstari wa Gredi ya Nne, mkono mdogo ukainuka. Alikuwa Trizah, mtoto mkimya ambaye walimu hawakumsikia mara nyingi.

"Mwalimu," alisema huku machozi yakimtoka, "mimi sikio linaniuma tangu Ijumaa. Usiku linatoa maji."

Watoto wachache walitaka kucheka, lakini hakuna aliyecheka. Mwalimu Jentrix alikwenda, akachutama mbele ya Trizah na kulitazama sikio lile lililovimba. Akamfuta machozi kwa kitambaa chake. Halafu akasimama na kuwageukia wanafunzi wote.

"Trizah ataenda zahanati sasa hivi, na atapona," alisema. "Ninyi wengine nisikilizeni. Mwili wako unauhisi wewe peke yako. Ukisema uko sawa ilhali huko sawa, unawafungia mlango wote ambao wangekusaidia. Kuvumilia kazi ngumu ni jambo jema, na nitawasifu kwa hilo kila siku. Kuficha maumivu si uvumilivu, ni uongo, na uongo huo humwumiza kwanza anayeusema. Sema ukweli mapema, hata kama unaona haya. Haya hupita jioni hiyo hiyo."

Akamwita Amondi ampeleke Trizah langoni, wamsubiri hapo waende zahanati pamoja, na wawili hao wakaondoka wakiwa wameshikana mikono.